Milango ya Kabati la Jikoni: Biti ya Rauta Inunuliwe Mwisho

Maswali yanayonifikia kutoka kwa vijana wanaoanza useremala yanafanana kama mapacha. Kijana ameona picha ya jiko zuri kwenye simu, amepata mteja wake wa kwanza, amesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa na pesa mkononi. Ananipigia: "Fundi, ninunue biti gani?" Namuuliza: mbao zipi? Rauta yako ina ukubwa gani? Bawaba zitakuwa za aina gani? Hapo simu inanyamaza. (Rauta ni mashine ya kuchonga mbao, na biti ni kisu chake kinachozunguka kwa kasi.)

Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Nilinunua kisanduku cha biti kumi na tano kabla sijawahi kutengeneza mlango hata mmoja. Hadi leo zilizofanya kazi ni nne. Nyingine bado zina mafuta ya kiwandani, na watoto wameshazizoea kama mapambo. Kwa hiyo katika mwongozo huu biti inakuja baada ya mbao, baada ya mashine, baada ya mtindo wa mlango.

Maneno tutakayotumia

Miimo ni vile vipande viwili vya fremu vinavyosimama. Milalo ni vile viwili vinavyolala, juu na chini. Paneli ni ubao unaokaa katikati. Mfuo ni ule mfereji wa ndani unaoipokea paneli, na ulimi ni ncha ya mlalo inayoingia kwenye mfuo. Shina ni sehemu ya biti inayobanwa na mashine, na koleti ni kinywa kinachoibana. Yatosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Rauta, ikiwezekana yenye kibadili kasi.
- Meza ya rauta. Usihangaike kuinunua: kipande cha MDF (ubao wa kiwandani wa unga wa mbao na gundi) cha mm 18 kilichotobolewa katikati, rauta ikafungwa chini yake, na ubao ulionyooka wa kuwa fensi, yaani wa kuegemeza mbao ikipita, vinatosha.
- Guni iliyonyooka kweli. Jaribu: chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena pale pale. Mistari ikiachana, guni hiyo si ya kuaminiwa.
- Klampu zisizopungua nne, gundi ya mbao, msasa wa 120, 180 na 240.
- Keekee na biti ya mm 35 ya kuchimbia bawaba za kikombe, zile zinazozama kwenye tundu la duara nyuma ya mlango.
- Miwani, vizuia sauti vya masikio na barakoa nzuri. Vumbi la MDF ni unga mwembamba unaoingia kifuani, na vumbi la mvule huwasha ngozi na pua za watu wengi.
- Vipande vya mbao zile zile za kazi, kwa ajili ya kujaribia. Ukikosa hivi, usiwashe mashine.

Kuhusu umeme: ukikatika katikati ya kazi, zima swichi ya rauta na uchomoe plagi hapo hapo. Nimeona rauta ikijiwasha yenyewe juu ya meza umeme uliporudi, na fundi alikuwa ameinama juu yake akitafuta penseli. Na ukiuziwa mashine iliyotumika kutoka Marekani, soma kibati chake kwanza. Iliyoandikwa 110 au 120 ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240, utanusa moshi kabla hujakata hata mbao moja.

Hatua ya 1: Amua mlango unakaa wapi

Mlango unaweza kulalia juu ya uso wa kabati au kuingia ndani ya fremu yake. Unaoingia ndani unapendeza, lakini unataka nafasi ya mm 2 tu kila upande, sawasawa. Kwa kabati lako la kwanza usijaribu: msimu wa mvua mlango wa mbao utavimba na kukwama, nawe utaitwa kuurandia. Chagua unaolalia nje. Unasamehe makosa mengi.

Hatua ya 2: Chagua mbao

Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi wangu, kwa sababu mbao ndiyo inayoamua umbo gani litakatika vizuri.

Mvule ni imara na haisumbuliwi na wadudu, ila nyuzi zake zinapishana. Biti ikipita kinyume chake, zinanyofoka. Tena ndani ya mvule huwa kuna punje ngumu kama jiwe, ni chokaa ambayo mti wenyewe umeitengeneza, na inavunja makali ya biti. Mahogani hukatika vizuri zaidi na inang'aa ikipigwa vanishi, ingawa nayo ina nyuzi za kupishana. Mugavu ni mgumu na mzito, mzuri kwa mlango wa mbele wa nyumba. Kwa milango kumi na miwili ya kabati utazilaumu bawaba bure. Musizi ni laini na mwepesi, lakini ukichonga umbo lenye kona nyembamba linaota manyoya. Paini ni laini pia, ina macho na utomvu unaoganda kwenye biti. Kalitusi hupinda, niliiacha zamani.

MDF haina nyuzi, hivyo inakubali umbo lolote na ndiyo bora kwa milango ya kupakwa rangi. Adui yake ni maji. Kumbuka jikoni mwetu: matoke yanachemka kwa mvuke saa nzima au zaidi, na mvuke huo wote unapanda kwenye makabati ya juu. Ukingo wa MDF usiozibwa utavimba kama mkate ndani ya chai.

Ukienda Ndeeba, hapa Kampala, kununua mbao, jua kwamba nyingi zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, na unene wake haulingani mwanzo na mwisho. Lipia mashine ya randa pale pale zilinganishwe. Mbao ya inchi moja itabaki na mm 20 au 22, ndio unene mzuri wa fremu. Kisha zipange ndani kivulini, ukitenganisha kila safu kwa vijiti, uziache wiki kadhaa. Mbao mbichi haina rafiki.

Hatua ya 3: Itazame rauta yako

Koleti za kawaida ni mm 6, inchi robo ambayo ni mm 6.35, mm 8, mm 12, na inchi nusu ambayo ni mm 12.7. Onyo kubwa la mwongozo huu wote ni hili: shina la mm 6 lisiingizwe kwenye koleti ya inchi robo, wala la mm 12 kwenye ya inchi nusu. Litaonekana kukaza. Mashine ikizunguka mara elfu ishirini kwa dakika, litateleza, na chuma kitaruka. Muuzaji akikwambia "ni saizi moja tu, boss", mrudishie biti yake.

Rauta ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja ni ya kupamba kingo, mifuo midogo na umbo la V. Haiwezi biti pana za kuinulia paneli. Biti hizo zina kipenyo cha mm 75 hadi 90, zinataka shina la inchi nusu, rauta kubwa yenye nguvu, meza, na kasi ishushwe hadi mizunguko 10,000 au 12,000. Biti ya mm 25 kushuka chini inaweza kwenda 20,000 na zaidi; kati ya mm 25 na 50, usizidi 18,000. Kama rauta yako haina kibadili kasi, biti pana zisahau kabisa.

Hatua ya 4: Chagua mtindo wa mlango

*Mlango bapa.* Kipande kimoja cha MDF au blokibodi, kingo zimezungushwa kidogo. Ni rahisi, unafutika kwa mpigo mmoja wa kitambaa. Watu huudharau, lakini ukipakwa rangi vizuri hauna aibu.

*Fremu na paneli bapa,* ule unaoitwa sheka. Fremu ya vipande vinne na paneli nyembamba ya mm 6 katikati. Ukiniuliza mimi, mlango wa mwanzo uwe huu. Sura yake inakubalika jiko la kisasa na la kizamani, na hauhitaji biti ya bei kubwa, kama nitakavyoonyesha.

*Paneli iliyoinuliwa.* Katikati ya mlango kumepanda na pembeni kumeshuka kwa mteremko. Unaonekana wa kifahari, wazee wanaupenda. Unataka mbao kavu hasa, rauta kubwa, na uvumilivu.

*MDF iliyochongwa usoni.* Kipande kimoja, umechora fremu ya uongo kwa biti ya V au ya duara. Kazi ya haraka sana. Ina mtego mmoja kwenye bawaba, nitaufikia.

*Mlango wa kioo.* Ni fremu ile ile, ila ukishaunganisha unaondoa mdomo wa nyuma wa mfuo ili kioo kikae, na kona zilizobaki duara unazinyoosha kwa patasi.

Kabla hujaamua, ingia jikoni kwa mteja. Je, wanapikia gesi, au sigiri ya makaa inaingizwa ndani mvua ikinyesha? Nyumba iko kando ya barabara ya murramu? Masizi na mafuta na vumbi jekundu hukaa kwenye kila kijifuo. Nilimtengenezea mama mmoja milango yenye maumbo matatu yaliyofuatana, nikajisifu sana. Baada ya mwaka alinionyesha mswaki wa meno aliokuwa akitumia kuisafisha. Hakusema neno zaidi.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo uchague biti

Ukingo wa nje na ukingo wa ndani wa fremu viwe ndugu. Ukitia umbo la S ndani na mshazari mkali nje, jicho litachoka bila kujua sababu.

- *Biti ya kuzungusha kona,* nusu kipenyo mm 3 au mm 6. Hutakosa pa kuitumia. Hata mlango wa sheka unaoonekana na kona kali hulainishwa kidogo, kwa sababu rangi haishiki kwenye kona kama wembe.
- *Biti ya mshazari wa digrii 45.* Safi, ya kisasa, inafutika vizuri.
- *Biti ya kubonyeza ndani,* inayoacha shimo la robo duara. Vumbi linaipenda.
- *Biti ya umbo la S.* Ya kizamani na nzuri kwenye mahogani. Kwenye musizi na paini itakupa manyoya.
- *Biti nyoofu ya mm 6.* Hii peke yake inatengeneza mlango wa sheka.
- *Jozi ya fremu.* Biti mbili: moja inakata mfuo na pambo kwenye urefu wa miimo na milalo, nyingine inakata ncha za milalo zikubaliane na pambo hilo. Nunua jozi ya kiwanda kimoja, pakiti moja. Kuokota moja duka hili na nyingine Katwe, mtaa mwingine, ni kutafuta viungo visivyokutana.
- *Biti ya kuinulia paneli.* Ya kulala ni pana na nzito. Ya kusimama ina kipenyo kidogo, inahitaji fensi ndefu ya kuegemeza paneli, na ni salama zaidi kwa anayeanza.

Zote ziwe na ncha za kabaidi, ile ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chuma cha kawaida kwenye MDF kinakufa kabla ya mlango wa tatu, kwa sababu ya gundi iliyomo.

Hatua ya 6: Fanya hesabu

Tuseme tundu la kabati ni mm 400 kwa 700, na mlango unalalia mm 15 kila upande. Mlango ni mm 430 kwa 730. Miimo na milalo ina upana wa mm 60, mfuo una kina cha mm 10.

Mwimo: urefu wa mlango, mm 730.
Mlalo: 430, toa miimo miwili (120), ongeza ndimi mbili (20) = mm 330.
Paneli ya MDF ya mm 6: upana 330, urefu 730 – 120 + 20 = 630. Toa mm 2 kila kipimo, unapata 328 kwa 628.
Paneli ya mbao nzima: toa mm 6 kwenye upana, yaani 324, kwa sababu mbao hutanuka kuelekea upana wake. Kwa urefu haitanuki cha kuhesabu, 628 yatosha.

Kosa ninaloliona kila mara ni kusahau ndimi kwenye mlalo. Mlango unatoka na upana wa 410, umechelewa kuugundua, mbao imekwisha.

Hatua ya 7: Kata fremu

1. Chomoa plagi, ingiza shina mpaka lifike chini, kisha livute juu mm 2 au 3, kaza. Likigusa sakafu ya koleti, halikazi vizuri.
2. Jaribu kwenye vipande taka mpaka nyuso za viungo viwili ziwe sawa ukipapasa kwa kidole. Ukipata kipimo, hifadhi vipande hivyo viwili na uandike juu yake. Kazi ijayo utapanga biti kwa dakika moja.
3. Anza na ncha za milalo, uso wa mlango ukiwa chini mezani. Isukume kwa kipande cha mbao chenye pembe mraba, kikikaa nyuma yake kuzuia kunyofoka. Ukiwa na biti nyoofu tu, kata ulimi wa unene wa mm 6 kwa kupunguza pande zote mbili za ncha.
4. Halafu ndiyo ukate mfuo kwenye urefu. Kwa biti nyoofu, pitisha mara moja, geuza mbao, pitisha tena: mfuo utakaa katikati kabisa.
5. Usikate kina chote kwa mpigo mmoja. Mm 3 kila mara kwa biti nyoofu.

Upande wa kusukumia: mezani, fensi ikiwa nyuma ya biti, mbao inatoka kulia kwenda kushoto. Ukishika rauta mkononi, ukingo wa nje unauzunguka kinyume cha saa, na tundu la ndani unalizunguka kama saa. Ukienda vingine biti itaivuta mbao, na mkono wako utafuata.

Hatua ya 8: Unganisha

Panga kila kitu bila gundi kwanza. Pima kona hadi kona, mishazari miwili. Ikilingana, mlango ni mraba. Paneli ya MDF au plaiwudi itie gundi kwenye mfuo, inaongeza nguvu. Paneli ya mbao nzima usiitie gundi hata tone. Iache iogelee. Na ipake vanishi kabla ya kuiingiza, la sivyo kiangazi ikisinyaa utaona mstari mweupe pembeni. Klampu zikazwe kiasi. Ukizidisha nguvu, mlango unapinda kama upinde na hautarudi.

Hatua ya 9: Ukingo wa nje na bawaba

Pamba kingo fupi kwanza, kisha ndefu. Kinachonyofoka kwenye kona kitaondolewa na mkato wa mwisho.

Sasa ule mtego. Kikombe cha bawaba ni mm 35, kina chake kama mm 12, na kinaanza mm 4 au 5 tu kutoka ukingoni. Ubao wa mm 18 unabakiwa na mm 6 mbele yake. Ukiwa umechonga umbo la kina cha mm 8 kwenye ukingo huo, au mfuo wa kina kama hicho usoni mwa MDF ndani ya mm 40 za mwanzo, utatoboa hadi mbele. Nilitoboa milango miwili iliyokwisha kupakwa rangi, usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka. Chora kikombe kwa penseli kwenye kipande taka chenye umbo lako, kichimbe, utazame.

Hatua ya 10: Msasa na rangi

Kwa MDF, paka sila (rangi ya kwanza ya kuziba vinyweleo) kwenye kingo na maumbo yaliyochongwa, subiri ikauke, piga msasa wa 240, rudia. Sehemu iliyochongwa inanywa mara mbili ya uso. Paka nyuma sawa na mbele. Mlango uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande wa pili na kupinda.

Ikiharibika

*Mbao inaungua na kuwa nyeusi.* Unasukuma polepole mno, kasi iko juu, au biti ni butu au imeganda utomvu. Isafishe kwa mafuta ya taa na mswaki, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

*Rauta inanguruma na kupoteza nguvu jioni.* Umeme umeshuka kwa kuwa mtaa mzima umewasha, au waya wa kurefusha ni mwembamba. Tumia waya mnene mfupi, na kata nzito zifanye asubuhi.

*Nyuzi zinanyofoka kwenye mvule.* Punguza kina, na mkato wa mwisho uwe wa nusu milimita tu. Ikiendelea, tafuta ubao wenye nyuzi zilizonyooka kwa ajili ya fremu, ule wenye maua uweke kwenye paneli.

*Mkato una mawimbi.* Koleti imechoka au ina vumbi ndani, au biti imetoka nje sana.

*Uso wa mlalo uko juu kuliko mwimo.* Kama ni nusu milimita, randa na msasa vitamaliza. Ikizidi, biti ya pili imepangwa vibaya. Rudi kwenye vipande vyako vya kujaribia.

*Paneli inagongagonga mlango ukifungwa.* Plaiwudi inayouzwa kama ya mm 6 mara nyingi ni nyembamba kidogo. Ingiza vipande vidogo vya mpira laini ndani ya mfuo. Kwa mlango mwingine, pima plaiwudi kabla ya kukata mfuo.

*Mlango umepinda na kona moja haigusi kabati.* Ukiwa umepinda mm 2 au 3, skrubu za bawaba za kikombe zitauficha. Zaidi ya hapo, tengeneza mwingine. Huo utautumia nyuma ya kabati la stoo.

*Paneli ya mbao nzima imepasuka.* Ilikuwa mbichi, au gundi iliingia kwenye mfuo bila wewe kujua. Ukipiga klampu, matone yakitokeza kwenye kona za ndani yafute mara moja, halafu isukume paneli kwa kidole gumba kabla gundi haijashika. Ikisogea, lala usingizi.